Vipandio Tisa vya Khalfan

Jumamosi, 7 Septemba

Msimu wa upinde umefunguliwa jana. Nimenunua daftari hili duka la dola kwa sababu mwaka huu sitaki mtu anikumbushe nilisema nini na nilifanya nini. Nitaandika mwenyewe.

Kwanza aibu, tuimalize. Mwaka jana nilipata kulungu wangu wa kwanza kwenye miti iliyo nyuma ya nyumba ya Cheryl, bibi wa miaka themanini na moja ninayemlea siku nne kwa wiki huko Brookeville. Nikapika sufuria mbili za mchuzi, nikazibeba hadi ukumbini Silver Spring kwenye sherehe yetu ya Uhuru. Khalfan, jirani yangu wa ghorofa ya chini, akainua mfuniko, akanusa, akauliza kwa upole kabisa, "Nani kachinja?" Nikamwambia hakuchinjwa, kapigwa mshale, na aliyempiga ni mimi. Akarudisha mfuniko. Benadetha, mwenyekiti wa kamati ya chakula, akaandika kikaratasi, NYAMA YA GHATI: WAKRISTO TU, akakibandika kwenye sufuria mbele ya watu. Nilirudi nyumbani na sufuria moja na nusu, na nikala kulungu hadi Pasaka.

Na kosa ni langu. Nimezaliwa Tarime, nimesoma bweni Musoma, nimeishi Dar. Najua tangu utotoni kwamba penye shughuli ya watu wote, hata mbuzi akiwa wa padri, anayeshika kisu ni Muislamu, ili kila mtu ale. Hakuna aliyetukalisha darasani kwa hilo, ndivyo tulivyolelewa. Miaka kumi na tisa ya kubeba maboksi Marekani imenisahaulisha adabu.

Nimewaza hivi. Kulungu wa mshale, wewe ukimfikia ameshakufa, kisu hakina kazi tena. Basi Muislamu awe ndiye mpigaji, ataje jina la Mungu wakati anafyatua. Na Muislamu ninayeweza kumsumbua ni mmoja tu, yule anayegonga dari yake kwa ufagio nikitembea na viatu.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani. Mahubiri marefu. Nimelala mchana wote.

Jumatano, 11 Septemba

Khalfan amekataa. Sikumaliza hata sentensi.

"Bi Ghati, mimi juu sipandi."

"Ni futi kumi na mbili tu, Mzee Khalfan."

"Hata futi mbili. Balbu ya jikoni ananibadilishia Fahmi."

Fahmi ni mwanawe, yuko College Park, anashughulika na kompyuta za chuo. Na sababu ya kukataa naijua. Mwaka juzi Khalfan alikuwa anafunga kiyoyozi nyumbani kwa mtu Annandale, ngazi ikateleza, akaanguka, mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Umejaa vyuma. Daktari alimwambia wazi kwamba mguu huo ukivunjika tena hautaunga, na atatembelea gongo maisha yake yote. Ufundi akauacha. Sasa anakaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari, anabonyeza kitufe magari yapite. Fundi wa Tanga, miaka hamsini na tisa, anabonyeza kitufe.

Nikauliza kama angepiga akiwa chini, halafu nikajijibu mwenyewe. Pale kuna nyumba za watu karibu, na sheria inataka mpigaji awe juu ya mti, ili mshale ukikosa uingie ardhini, usiende dirishani kwa mtu.

"Aliyeumwa na nyoka, Bi Ghati," akasema, akafunga mlango kwa adabu. Mtu wa lawama na woga. Nimepanda ngazi kwa viatu, kwa makusudi.

Jumamosi, 14 Septemba

Saa mbili asubuhi mlango umegongwa. Khalfan, na bila hata salamu ndefu, ajabu kwa mtu wa Tanga.

"Hivyo vidude vya kupandia mti, pale pa kukanyaga pana upana gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Nikamkaribisha chai. Amekaa saa mbili nzima na ameniuliza maswali ambayo mimi mwaka jana sikujiuliza hata moja.

Jumanne, 17 Septemba

Ngazi ya chuma ya marehemu mume wa Cheryl, niliyotumia mwaka jana, imeliwa na kutu. Tumeitupa. Nikamwambia Cheryl kuna vipandio vya kukazwa ndani ya mti kama skrubu, bei rahisi. Akaweka kikombe chini.

"Ukinitobolea mti hata tundu moja, Ghati, tafuta bibi mwingine wa kulea."

Ile miti waliipanda yeye na mumewe. Basi ni vipandio vya kufunga kwa mkanda, hakuna mjadala. Upinde wa marehemu ameniachia tena, ule wa mtambo wenye kifyatulio. Heri huo, hauhitaji mabega ya kijana.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumeweka aina tatu juu ya meza yangu, mimi na Khalfan, kimoja kimoja cha kujaribu.

Cha kwanza ni cha chuma, kina kikazio cha meno, unavuta mkono wake, krr, krr, krr. Kinashika barabara, ila kelele zake zitafukuza kulungu wa kaunti nzima. Khalfan akakipima mkononi, akasema tisa vya namna hii ni uzito wa mfuko wa saruji. Cha pili ni chepesi mno, unazungusha kamba nyembamba kwenye shina na kuibana kwenye ndoano. Khalfan alikipenda. Nikakikataa mimi. Kamba ile ukiikosea mzunguko mmoja, kwa macho huoni, utaona ukiwa njiani kwenda chini.

Cha tatu kina mkanda mpana, kama ile ya kufungia mizigo kwenye malori, na kifungio chenye meno kinachouma mkanda bila kelele. Pa kukanyagia pako pande mbili, mguu unakaa wote. Khalfan akavua kandambili, akaweka kipandio sakafuni, akakanyaga kwa mguu wa kushoto. Akaegemea, akaachia, akaegemea tena. Uso ulikuwa wa mtu anayesikiliza mlio wa injini.

"Hiki," akasema.

Halafu akaomba futi, akapima goti lake linakunjika hadi wapi bila maumivu. Inchi kumi na sita. Watu wenye magoti mazima wanaachanisha zaidi na wanatumia sita. Sisi tutahitaji tisa.

Mchana tukajaribu kufunga kwenye mti wa maegesho ya jengo letu. Mtu mmoja wa ghorofa ya tatu akampigia meneja kwamba kuna wazee wawili wanaiba mti. Meneja akaja, akatutazama, akauliza tu kama tutamaliza kabla ya saa kumi.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua. Cheryl kakataa dawa, kakubali dawa.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo nimefanya ujinga ambao Mmarekani hawezi kuufanya, kwa sababu hana vifaa.

Niliuchagua mwaloni mkubwa kuliko yote kwa Cheryl, nikidhani mti mnene ndio salama. Nikapitisha mkanda. Umekosa inchi nane kuzunguka shina. Mtu mwingine angetafuta mti mwingine. Mimi nikaenda garini nikatoa mipira. Ninayo siku zote, ya tyubu ya baiskeli niliyoichana mwenyewe vipande virefu, ile ile ambayo kwetu hufunga magunia, magodoro, matenga ya kuku na bampa la gari. Nikaunga mkanda kwa mpira, fundo la nguvu, nikaukaza hadi ukalia.

Kipandio cha kwanza kikashika. Nikafunga cha pili, nikapanda, nikaweka uzito wote. Mpira ukanyumbuka. Kipandio kikateremka na mimi juu yake, taratibu kabisa, na gome la mti likanichuna mguu toka gotini hadi kwenye kifundo. Sikuanguka, nilishushwa. Damu ikajaa soksi.

Nilipogeuka, Khalfan hakuwepo. Alikuwa amekwenda kukaa ndani ya gari na kufunga mlango. Nikajua basi, imekwisha. Mtu aliyeanguka kwenye ngazi nimemleta porini nimemwonyesha mtu akiporomoka. Nilijiona mpumbavu, na nikaona aibu kuliko ile ya ukumbini.

Nimefunga kidonda kwa kitambaa cha kichwa. Mlango wa gari ukafunguka. Khalfan akaja akichechemea, akaokota mpira, akauvuta kwa mikono miwili mbele ya uso wangu.

"Huu ni wa gunia, Bi Ghati. Gunia ukishalifunga halipandi wala halishuki. Mtu anapanda, na kila hatua anausukuma huu chini."

"Nimeona."

"Mkanda hauungwi na kitu. Ukiwa mfupi, mti ndio mnene." Akageuka, akaanza kutembea kati ya miti, anagonga mashina kwa kifundo cha kidole. "Tafuta mwembamba. Si huo, umekufa huo. Wala huo, gome linabanduka. Na huo wenye mizizi ya manyoya usiuguse, huo ndio upupu wa huku."

Huyu mtu sijawahi kumwona. Miaka mitatu naishi juu ya kichwa chake.

Jumapili, 29 Septemba

Mguu unauma. Toka ghorofa ya chini nimeachiwa mlangoni mwangu dawa ya kidonda na bakuli la pilau. Nimepanda na kandambili.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumeupata. Mwaloni ulionyooka, gome la kukwaruza, unene wa kukumbatia vidole vikagusana. Cheryl anauona toka dirisha la jikoni, na ametaka iwe hivyo.

Mimi ndiye ninayefunga. Ninajizungushia mkanda wa kiunoni pamoja na mti ili mikono yote iwe huru, nafunga kipandio, napanda, nafunga kingine. Khalfan anasimama chini ananisimamia kama fundi mkuu. Mkanda ulale bapa, usijipinde. Uvute hadi mwisho, kisha ukipige kipandio kisigino mara mbili kabla ya kukiamini, kishuke kidogo na kuuma gome. Kisiposhuka zaidi, ndicho. Mkia wa mkanda uukunje na kuubana, usipeperuke. Tisa vimekaa, na juu yake nimefunga kilingo cha kukalia. Toka kilingoni hadi chini nimeteremsha kamba ya uhai, ambayo kila apandaye anajifunga nayo. Itamzuia mtu asifike ardhini. Haitamzuia kubamizwa kwenye shina, na mguu ule haufai kubamizwa popote.

Jumatano, 9 Oktoba

Khalfan kafaulu mtihani wa uwindaji, arobaini na nane kwa hamsini. Mimi mwaka jana nilipata arobaini na moja. Hajauliza. Nashukuru.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kaenda msikitini na Fahmi kumwuliza sheikh habari ya nyama yetu. Jioni nikamwuliza sheikh kasemaje.

"Kasema nitaje jina la Mungu wakati wa kufyatua."

"Basi?"

"Hilo ndilo la kufanya."

Vizuri. Nilijua hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kipandio cha kwanza. Cha pili. Kashuka. Kaketi kwenye majani, jasho linamtoka kama kapanda Meru. Nikampa chai ya tangawizi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Cha nne. Kule chini, kwenye boksi la sponji la kulengea shabaha, anapiga vizuri kuliko mimi, na imenikera kidogo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Cheryl anauliza kila siku, "Rafiki yako kafika cha ngapi?" Ameandika namba kwenye kalenda ya jikoni, pembeni ya miadi ya daktari wa macho.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kafika cha saba, na hapo akakwama.

Hakulia wala hakuita. Alikumbatia tu ule mti, shavu kwenye gome, akafumba macho. Nikamsemesha, kimya. Nikadhani anasali, nikamwacha. Dakika kumi. Kisha nikaona mguu wa kushoto unatetemeka, ule ule, unagonga kipandio tik tik tik.

"Bi Ghati."

"Nipo."

"Siwezi kwenda juu."

"Shuka basi."

"Na chini siwezi."

Kwetu tunasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na sijawahi kuuona msemo ule ukiwa na viatu na fulana. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Iliyofunga vile vipandio ni mikono hii, na mikono hii ndiyo iliyofunga mpira. Kama kimoja kitateleza sasa, huyu bwana hatembei tena sawasawa, na itakuwa kwa sababu Ghati aliaibishwa kwa sufuria ukumbini.

Nikajifunga, nikapanda hadi chini yake. Nikashika kisigino cha kiatu chake.

"Huu hapa mguu wa kushoto, nimeushika. Ulegeze."

"Haulegei."

"Mwambie ni mimi."

Akacheka puani, kidogo tu, na mguu ukalegea. Nikauteremsha kwa mkono hadi kwenye cha sita, nikaukandamiza pale mpaka akausikia. Kisha wa kulia. Kisha wa kushoto tena. Tumetumia dakika arobaini kuteremka futi tisa. Nimehesabu, kila mguu umepita mikononi mwangu.

Kufika chini akajipangusa magome ndevuni. "Fahmi asijue," akasema. Tulipofika Georgia Avenue akauliza kama Jumamosi ijayo niko ofu.

Jumamosi, 2 Novemba

Cha tisa, na kilingoni. Kakaa. Kaangalia kushoto, kaangalia kulia. Cheryl kapunga kitaulo cha vyombo dirishani. Nilifurahi hadi nikaona haya, nikajifanya natafuta kitu ardhini.

Kashuka mwenyewe, taratibu, bila kushikwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Mawindo ya kweli sasa. Anapanda mikono mitupu, upinde anauvuta kwa kamba baadaye. Mimi nakaa nyuma ya gogo. Saa tatu na nusu kwenye baridi. Kindi kumi na wawili.

Jumamosi, 16 Novemba

Kulungu jike katoka saa moja na robo, kanona, kasimama hatua ishirini toka kwenye mti. Nikangoja. Nikangoja. Kulungu akaondoka zake.

"Mbona hukupiga?"

"Alikuwa amenielekea kifua. Ningemjeruhi tu."

Nikamfokea. Sisi Wakurya hasira zinafika kabla ya akili. Nikiwa naendesha nikakumbuka kozi ya uwindaji, ukurasa mzima wa picha ile, mnyama aliyekuelekea hapigwi. Nikamwomba radhi kwenye taa nyekundu. Akasema taa imebadilika.

Jumanne, 19 Novemba

Fahmi kaja kwangu leo toka kazini. Kijana mpole, anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Hakutaka hata maji. Kasema amesikia toka kwa baba yake mwenyewe, bila baba kujua kwamba anajisema, kwamba anapanda mti kila wiki.

"Aunti, nakuomba umwachishe. Nilikaa naye hospitali siku ishirini na mbili. Akianguka tena sijui."

Nikamweleza habari ya sherehe, ya mshale, ya nani apige. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalize utani.

"Lakini baba anajua si lazima. Nilikuwepo. Sheikh alimwambia nyama ya mtu wa Kitabu inalika, kwamba hata wewe ukipiga na ukataja jina la Mungu, atakula, na wengi watakula. Alimwambia mwezi wa kumi."

Alipoondoka nilisimama jikoni na jiko limewaka halina kitu juu yake. Nilikasirika kweli. Wiki zote zile. Ngozi ya mguu wangu. Dakika arobaini nikibeba visigino vya mtu. Nilivaa viatu vyangu vya kisigino, nikateremka hadi mlangoni pake, mkono nimeuinua nigonge.

Ndani alikuwa anapiga mluzi. Nikasikia kitu kinaburutwa, kisha kimya kidogo, kisha mluzi tena, lakini unatoka juu zaidi. Kuna mwanga ulizimika chini ya mlango, ukawaka. Khalfan alikuwa juu ya stuli, anabadilisha balbu.

Nikavua viatu, nikapanda navyo mkononi.

Nimekaa nimewaza. Fahmi ana haki, ni baba yake. Na mimi nikisema neno moja tu, "najua," Jumamosi napiga mwenyewe, sufuria zangu zinajaa, mguu wake unabaki salama kibandani pale. Hakunidanganya, hilo nalo nimeliona. Alisema sheikh kasema nitaje jina la Mungu, na ni kweli. Kilichobaki alikaa nacho. Mtu mzima kaomba kisingizio cha kupanda tena, nami nilikuwa nacho mkononi, kikubwa, chenye heshima. Nani angekikataa?

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemjaribu mara moja, kwenye korido. "Mzee Khalfan, kesho ukitaka nipige mimi, sema tu. Hakuna ubaya."

"Kwani umechoka kunifungia?"

"Sijachoka."

"Basi kesho saa kumi na moja."

Jumamosi, 23 Novemba

Nitaandika vizuri maana leo sitaki kusahau.

Jana kutwa ilinyesha, na alfajiri ikaganda. Nilimwambia Khalfan abaki garini, nikapanda peke yangu na tochi ya kichwani, nikakagua. Cha kwanza, kisigino mara mbili, sawa. Cha pili, cha tatu, cha nne, sawa. Cha tano nilikipiga kikateremka upana wa vidole vinne. Mkanda ulilowa, ukaachia kidogo. Hicho ndicho ambacho huwa anatangulizia mguu wa kushoto. Nikakifungua chote, nikakipangusa barafu, nikakifunga upya, nikakisimamia kwa miguu miwili na kuruka. Nikakagua vinne vilivyobaki, nikashuka, nikapanda tena nikaanza upya toka cha kwanza. Mikono ilikufa ganzi. Nikaomba kwa jina la Yesu, nikajua kuna mwenzangu garini anaomba kwa namna yake, na nikaona tuko wawili wa kuangalia mikanda tisa, inatosha.

"Vipi?" akauliza.

"Panda," nikamwambia.

Akapanda. Sikumwangalia usoni, niliangalia miguu. Cha tano kikamshika.

Kulungu dume katoka saa moja kasoro, pembe ndogo, anatembea ubavu. Nikasikia sauti ya Khalfan juu, ya chini kabisa, "Bismillahi, Allahu Akbar," na mtambo ukalia tap. Dume akaruka, akakimbia hatua thelathini hivi, akalala. Nilingoja Khalfan aseme kitu, na alichosema ni, "Ghati, usiinuke bado, tungoje dakika ishirini kama kozi inavyosema." Ghati, bila Bi.

Ameshuka vipandio tisa kwa miguu yake.

Nilipofika nyumbani kwa Cheryl kunawa, alikuwa ameandika kwenye kalenda: KULUNGU. Akasema mumewe angempenda yule bwana.

Alhamisi, 28 Novemba

Thanksgiving. Nimefanya shifti mbili. Bata mzinga kavu.

Jumamosi, 7 Desemba

Sherehe ya Uhuru. Pilau ya kulungu ya Khalfan, mchuzi wangu. Benadetha akauliza nani kapiga, Khalfan akajibu, "Mimi, toka juu ya mti," akaonyesha dari ya ukumbi kwa kidole. Watu wamekula hadi ukoko. Fahmi kala sahani mbili, na kila mara alikuwa ananitazama, nami nilimwongezea nyama.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo ilikuwa siku ya kufungua vipandio. Mikanda ikiachwa mtini inaliwa na jua na barafu, na ukiiamini mwaka wa pili inakuua. Kazi yenyewe unapanda hadi juu, halafu unashuka ukifungua kimoja baada ya kingine, umening'inia kwa mkanda wa kiunoni. Nilikuwa nimeshavaa ule mkanda na fulana ya rangi ya chungwa, maana ni msimu wa bunduki, nimeweka mguu kwenye cha kwanza. Khalfan akanigusa bega.

"Nipishe."

Hakuna kulungu leo. Hakuna sherehe, hakuna sufuria, hakuna wa kumlisha. Nikavua mkanda nikampa.

Akapanda hadi kilingoni, akakiteremsha kwa kamba, akaanza. Cha tisa. Cha nane. Kila kimoja ananishushia kwa kamba nami nakipokea, nakunja mkanda wake, natia kwenye mfuko. Alipokuwa anafungua cha sita, nikasema bila kujipanga.

"Khalfan. Sheikh alikwambia tangu mwezi wa kumi kwamba nyama yangu inalika."

Mikono ikasimama kwenye kifungio.

"Fahmi?"

"Fahmi."

"Lini?"

"Jumanne. Kabla ya dume."

Akahesabu siku. "Na Jumamosi yake ukapanda na barafu ile, ukavikagua."

"Mara mbili."

Akafungua kifungio, akanishushia cha sita. Akanishushia cha tano. Pumzi yake ilikuwa inatoka mvuke. Alipofika cha nne akasema, kwa mti, si kwangu, "Ningekwambia, ungepiga mwenyewe."

"Ningepiga siku hiyo hiyo."

"Ndio maana."

Nilikuwa nimejiwekea hasira kwa ajili ya saa hii, wiki tatu nzima. Nikaitafuta sikuiona. Miguu yake ilikuwa usawa wa uso wangu sasa, wa kulia umekanyaga, wa kushoto unatafuta pa kushukia, na haukutetemeka. Nikanyoosha mkono nikashika kisigino chake cha kushoto. Hakikuhitaji kushikwa, na yeye alijua, nami nilijua. Hakuniambia niachie.